Kilichofungwa Kamba

Huko chini macho hayakuwa na kazi. Matope yalijaa kila chumba cha meli, kwa hiyo mzamiaji alitafuta kwa vidole: ukuta, kitanda, kiatu, mfupa. Mifupa aliirudisha ilipokuwa. Haikuwamo kwenye orodha ya vitu vya kupandishwa.

Meli ilikuwa imezama na abiria wake miaka kumi na moja nyuma, mama wa mzamiaji akiwamo, fundi cherehani aliyekuwa akifuata kazi. Serikali iliwaambia wafiwa kwamba kina ni kirefu, maiti hazifikiki, wamwachie Mungu. Sasa kampuni ilikuwa imepata kibali cha kutoa vitu vya makumbusho, na kina kikafikika. Mzamiaji aliliona hilo, akaomba kazi. Mwenye njaa hana miiko. Kwa wiki tatu alipandisha saa, sahani na pete, na dada yake alipomuuliza kama haoni haya, alimjibu, "Wafu hawavai saa, dada."

Siku hiyo, kando ya mifupa aliyokwisha kuisogeza, aligusa cherehani ya mkono. Akafuata gurudumu hadi kwenye mpini. Ulikuwa wa mti, umepinda, una pengo la kisu. Aliuchonga mwenyewe akiwa darasa la sita, kwa kipande cha mchi uliovunjika, na mama akamtania kwamba sasa atashona huku anatwanga.

Alilia ndani ya barakoa, mahali ambapo mtu hawezi hata kujifuta machozi. Kisha akakosea. Cherehani ilikuwa nzito, akaifunga kamba, akavuta mara tatu ili walio juu waipandishe. Na kila mzamiaji anajua sheria ya kazi ile: kilichofungwa kamba ni cha mwenye kamba.

"Bosi, hii ni ya mama yangu," alisema alipopanda.

Msimamizi wa kampuni alikuwa akiisugua kwa brashi. "Pole sana, kaka. Una risiti?"

"Mpini nimechonga mimi."

"Hata zile pete zilikuwa na wenyewe. Mbona hukusema?"

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililomuuma zaidi.

"Basi andikeni jina lake."

"Hilo si tatizo."

Akalitaja jina polepole, yote matatu. Msimamizi aliliandika kwa kalamu kiganjani, akachovya mkono kwenye ndoo, akaendelea kusugua.

Makumbusho yalipofunguliwa alikwenda na dada yake. Cherehani ilikuwa ndani ya kioo, imepakwa mafuta. Mpini wa mti ulikuwa umeng'olewa, ukawekwa wa shaba, unaopendeza. Chini palikuwa na kibao: *Cherehani ya abiria. Mwenyewe hajulikani.*

Dada yake alikisoma mara mbili kwa sauti. Mlinzi akamwomba asiegemee kioo.

"Ulipoikuta," dada aliuliza, "hapakuwa na mtu karibu?"

Mzamiaji alivitazama vidole vyake.

"Alikuwepo mtu," alisema. "Hakuwamo kwenye orodha."