Sufu ya Waliolala Nyumbani kwa Mama Nabih

Fundi Shakib alikuwa amepiga magoti darini, kati ya boriti mbili, akijaza sufu ya Bibi Zahiya. Alipotandaza konzi ya mwisho, Bibi Zahiya mwenyewe akaja akajilaza humo. Alikuwa amekufa tangu mwaka wa theluji kubwa. Alilala ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, akaanza kukoroma.

"Sogea kidogo, Bibi," Fundi Shakib alisema. "Bado sijafika pembeni."

Bibi Zahiya akasogea. Fundi akaisukuma sufu hadi karibu na ukingo wa paa, akaacha upenyo wa kupitisha kiganja, kwa sababu mbao za paa zisipopata hewa huoza. Kisha akachukua chaki akaandika juu ya boriti: Zahiya.

Mama Nabih alikuwa amesimama kwenye ngazi, kichwa tu kikiwa kimetokeza darini.

"Nani huyo?"

"Mama mkwe wako."

"Amelala?"

"Humsikii?"

"Basi sufu imekaa vizuri," Mama Nabih alisema, akashuka kwenda kutazama chungu chake.

Nyumba ilikuwa juu kabisa ya kijiji cha Kfar Lawz, mahali ambapo theluji huanza kuanguka kabla ya kijiji kizima na huondoka mwisho. Ilikuwa na kuta nene za mawe na paa la vigae vyekundu, na joto lote la jiko la dizeli lilipanda darini likatokea kwenye vigae. Majira ya baridi yaliyopita Nabih, mwanawe, anayeuza matairi Beirut, alimkuta mama yake akikaanga vitunguu huku amevaa koti na kofia. Alirudi mjini akanunua kitanda, akakiweka katika chumba cha kupigia pasi, akampigia simu.

Wakabishana hadi wakafikia mapatano. Jumamosi Nabih angekuja, jiko likiwa limezimwa. Kama angeweza kukaa sebuleni bila koti mpaka amalize kahawa yake, mama angebaki kijijini. Kama asingeweza, nyumba ingefungwa, na mama angeshuka Beirut siku hiyo hiyo pamoja na nguo zake. Mama Nabih alijua kwamba nyumba ikishafungwa msimu mmoja haifunguliwi tena. Aliziona nyumba za namna hiyo kijiji kizima, milango imeota majani.

Ndipo akamwita Fundi Shakib, ambaye zamani alishona magodoro ya nusu ya kijiji, na siku hizi, watu walipohamia magodoro ya sponji, alikuwa akifanya kazi yoyote anayoitiwa. Darini kulikuwa na magodoro ya sufu ya ukoo mzima, kila mtu na lake, yamerundikwa nyuma ya mitungi. Fundi aliyafungua uani moja baada ya jingine, akaiosha sufu, akaianika, akaipiga kwa fimbo mpaka ikawa nyepesi, akachanganya majani ya mlori yenye harufu kali kufukuza nondo. Hakuchanganya sufu ya godoro moja na ya jingine. Aliona si vizuri.

Tatizo lilikuwa kwamba dari ile ilikuwa pia ghala. Kulikuwa na mitungi ya zeituni na ya asali ya zabibu, magunia ya njugu, vitunguu vilivyosukwa, sufuria za shaba, susu alilolazwa Nabih akiwa mchanga, na trei za kufugia nondo wa hariri ambazo hakuna aliyezitumia tangu Mama Nabih azaliwe. Mama Nabih hakukubali hata kimoja kitolewe. Kwa hiyo Fundi alipigilia vipande vifupi vya mbao vikasimama juu ya boriti, na juu yake ndipo akapanga sakafu mpya, ili mizigo ikae juu na sufu ibaki chini na nafasi yake.

"Sufu ukiikandamiza haina joto tena," alimweleza. "Ni kama mkate uliokaliwa."

Wa kwanza kuja alikuwa Tannus, mume wa marehemu. Yaani Tannus, mume wa Mama Nabih, ndiye marehemu. Mama Nabih alipanda, akamtazama alivyolala kwenye sufu yake, akamrekebisha kola, akashuka kuendelea kujaza mamumunye wali na nyama. Baada yake akaja shemeji yake, Jamil, ambaye yu hai na ana duka la vitambaa São Paulo. Yeye huja alfajiri, akiwa amelala kule kwake ambako bado ni usiku, na huondoka kabla ya chakula cha mchana. Rima, binti mkubwa, huja kutoka Montreal jua likishachomoza, akiwa amefunga nywele kitambaa. Wafu hulala kutwa. Fundi alizoea kufanya kazi polepole ili asiwaamshe, na kila alipomaliza nafasi moja kati ya boriti, chumba kilichokuwa chini yake kikawa na joto kama chumba chenye watu.

Mama Nabih aliwatembeza majirani chumba kwa chumba.

"Weka mkono hapa ukutani," aliwaambia. "Huyo ni Tannus. Sasa njoo huku. Huyu ni mama mkwe, alikuwa mnene, ndiyo maana." Na kabla hawajaondoka aliwaambia tena neno ambalo kijiji kizima kililijua: katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kulala akaona baridi.

Jumamosi asubuhi ilibaki sehemu moja tu, ile iliyo karibu na kitundu cha kupandia darini, juu ya ukumbi mwembamba unaotoka jikoni kwenda sebuleni. Fundi aliifagia, akashuka kunywa maji. Aliporudi alimkuta mwanamke amelala juu ya mbao za zamani zisizo na kitu. Alikuwa Mhabeshi, wa makamo. Alilala amevaa koti, amejikunja magoti hadi kifuani, mkoba chini ya kichwa, viatu vimepangwa sawasawa kando ya ukuta. Kutoka pale alipolala, baridi ilikuwa ikishuka ukumbini kama maji yanayovuja.

Fundi aliinama kwenye kitundu. "Mama Nabih, kuna mtu hapa."

"Ni nani?"

"Mimi simjui. Hana sufu."

Mama Nabih alipanda. Alimtazama yule mwanamke. Akasema, "Ni Sonia."

"Sonia wa nani?"

"Msichana wa kazi. Alikuwa hapa tangu Rima akiwa shule mpaka Rima alipoolewa." Akafuta vumbi kwenye mtungi uliokuwa karibu, ingawa haukuwa na vumbi. "Alilala hapa kwa sababu ni karibu na ngazi. Ukimwita anasikia."

Fundi akatafuta chaki. "Niandike Sonia? Ndilo jina lake?"

"Ndilo tulilomwita. La kwao lilikuwa gumu."

Fundi akairudisha chaki mfukoni. Akagusa mbao kando ya mwanamke, akaondoa mkono haraka, akaupulizia.

"Wengine wamefuata sufu," alisema. "Huyu amefuata mbao. Na ana koti na mkoba, kwa hiyo yu hai; kama analala mchana, ana kazi ya usiku mahali fulani."

"Alikuwa hodari sana," Mama Nabih alisema. "Usiseme hakuwa hodari."

"Sijasema."

Wakati huo Wadad, jirani, alikuwa ameingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake, na sahani ya maandazi yenye kitambaa juu. Alisikia sauti akapanda ngazi nyuma ya Mama Nabih, wakabanana hapo wawili.

"Kumbe Sonia!" alisema. "Bado mwembamba vilevile. Wala hajazeeka, mshenzi wee. Sisi tumekwisha."

"Shusha sauti, amelala," Mama Nabih alisema.

"Shoga, hapa pana baridi. Msichana wangu mimi alilala jikoni. Usinitazame hivyo, jikoni kulikuwa na jiko."

"Na Sonia alikuwa na blanketi."

"Moja?"

"Teremka, Wadad, ngazi itavunjika."

Wadad akateremka akicheka, akaacha maandazi mezani, akaenda kuwaambia wengine kwamba Sonia amerudi kulala.

Fundi Shakib alifikiri taratibu, kama alivyofanya kila jambo. Sehemu ile ikibaki wazi, baridi ingeshuka ukumbini, na kutoka ukumbini ingeingia sebuleni chini ya mlango. Sufu ya ukoo ilikuwa imekwisha. Lakini mwisho wa dari, ndani ya shuka zilizofungwa mafundo, kulikuwa na magodoro manne ya wageni, yenye vitambaa vya satini ya waridi. Aliyashona yeye mwenyewe akiwa kijana, kwa sufu nyeupe ya kondoo wa bonde la Bekaa. Hakuna mtu aliyewahi kuyalalia.

"Godoro moja tu litatosha," alisema. "Akiamka jioni nitang'oa mbao, nitajaza, nitarudisha. Kesho akija atalikuta."

"Hayo ni ya wageni."

"Najua. Nimeyashona."

"Na mgeni akija?"

"Mama Nabih, wageni gani? Watu wanakuja, wanakunywa kahawa, wanapanda magari yao."

"Akija mmoja, alale juu ya nini? Nimwambie nini, sufu yako nimempa msichana wa kazi?"

"Yatabaki matatu."

Mama Nabih alikaa juu ya gunia la njugu. Chini yake Bibi Zahiya aligeuka, akaendelea kukoroma. Mama Nabih aliyatazama mafundo ya zile shuka, ambayo alikuwa akiyafungua kila mwaka kuyapa magodoro jua na kuyafunga tena.

"Nikimpa leo," alisema kwa sauti ndogo, "itakuwa ni kusema kwamba hata siku zile ningeweza kumpa."

Magodoro yalikuwa pale pale yalipokuwa siku zile. Fundi alikunja miguu akangoja, kwa sababu si kazi yake kumwamulia mwenye nyumba. Walipokuwa wamekaa hivyo, gari la Nabih likapiga honi njiani.

Mama Nabih akainuka upesi, akajipangusa. Alishuka, akachukua zulia dogo la jikoni akazibia upenyo chini ya mlango wa sebule, akavaa gauni lake jeusi lenye vifungo vya lulu, akamfungulia mwanawe.

Nabih alibusu mkono wa mama yake, akaenda moja kwa moja kulishika jiko. Lilikuwa baridi. Akaketi. Mama alimletea kahawa, akaketi mbele yake mikono magotini, bila shali. Nabih alinyanyua kikombe. Alipofika nusu alifungua zipu ya koti. Baadaye akalivua, akaliweka kando.

"Huko juu ni baba?" aliuliza, akitazama dari.

"Baba yako. Na bibi yako, na Rima, ila sasa hivi amekwenda kazini. Ami yako Jamil huja alfajiri."

"Joto hili ni la baba," Nabih alisema. "Nalijua." Akamaliza kahawa, akapindua kikombe kwenye kisahani. "Haya, Mama. Umenishinda. Kile kitanda nitakirudisha dukani."

"Kirudishe," Mama Nabih alisema. "Nilikwambia. Nyumba hii hakuna aliyelala ndani yake akaona baridi." Alisema hivyo akiwa amenyoosha mgongo, na uso wake uling'aa kama siku ya harusi ya Rima. Fundi Shakib, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye aliona fahari, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri, na alijua ni nzuri.

Nabih alitaka kumsalimia baba yake. Alitoka ukumbini, akasimama, akavaa tena koti.

"Hapa vipi?"

"Ni sehemu ya kitundu," mama yake alisema. "Bado haijaisha. Fundi ataimaliza kesho."

Nabih alipanda. Waliokuwa chini walisikia anasema, "Hujambo, Baba," kisha, "Aa, Sonia." Ilimbidi ainue mguu wake kwa uangalifu amvuke, kisha amvuke tena wakati wa kurudi. Aliposhuka alikuwa amebeba mtungi wa zeituni wa kwenda nao mjini.

"Nilidhani alikuwa na godoro," alisema.

"Alikuwa na blanketi," mama yake alisema.

"Aa," Nabih alisema. Akauliza kama zeituni zile ni za mwaka huu, mama akamwambia ni za mwaka jana, ndizo nzuri. Akambusu, akaondoka kabla giza halijaingia, kwa sababu ya kona za mlima.

Fundi Shakib alinawa mikono jikoni. "Kuna sufu kidogo nyumbani kwangu," alisema akiwa amempa mgongo. "Si nyingi. Nije nayo?"

"Nyumba hii haiombi sufu, Fundi."

"Basi kesho tutaona."

"Kesho," Mama Nabih alisema. "Nitakuwekea mamumunye."

Jua lilipokuwa likizama ngazi ililia. Yule mwanamke alikuwa ameamka. Alishuka kinyumenyume, viatu mkononi, akavivaa ukumbini akiwa ameegemea ukuta. Mkono wake ulikuwa na alama za mbao, mstari kwa mstari. Alipopita mezani alikusanya vikombe vya kahawa, cha Nabih na cha mama yake, akaviosha, akaviinamisha juu ya kitambaa. Akasugua mikono kupata joto. Fundi alimpisha mlangoni, akamwambia, "Kazi njema," naye akaitikia kwa kichwa.

"Sonia," Mama Nabih alisema, akijifunika shali. "Umeacha wazi juu. Baridi inashuka."

Mwanamke akarudi. Alipanda ngazi hadi katikati, akavuta mlango wa dari taratibu usigonge, kama alivyofundishwa, kisha akashuka akaenda zake kazini.

Fundi Shakib akakumbuka kwamba fimbo yake ya kupigia sufu imebaki huko juu. Akaona si kitu, ataikuta kesho.