Injini ya Chumba cha Nyuma

Kwa miaka sita, chumba cha nyuma cha Mama Pindo kilikaliwa na injini. Ingekuwa nzima, angeizungukia akaendelea na shughuli zake. Lakini ilikuwa vipande: pistoni nne kwenye trei ya mayai, valvu zimechomekwa kwenye boksi la viatu lililotobolewa matundu, bolti kwenye makopo ya maziwa, na bloku, yaani kiwiliwili cha injini, zito ajabu, limefunikwa shuka kuukuu karibu na dirisha. Gari lenyewe, saluni ya zamani ya rangi ya krimu, lilikuwa uani juu ya matofali, na paka wa jirani alikuwa ameshazaa mara mbili mahali palipokuwa pa injini.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna fundi cherehani aliyekunja pindo la suruali likanyooka kama yeye. Mumewe alikuwa mpima ardhi, na hata nyumbani aliitwa Mpima. Yeye ndiye aliyelinunua lile gari, akashusha injini, akaifungua mpaka skrubu ya mwisho, kisha akasimama hapo. Ukimuuliza, alijibu kwamba anasubiri vipuri kutoka ng'ambo. Mwaka wa kwanza watu walimwamini. Mwaka wa tatu walimtania. Mwaka wa tano hakuna aliyeuliza tena.

Mwaka huo wa sita Mpima alipelekwa mbali kupima barabara mpya, kazi ya miezi mitatu. Wiki hiyohiyo Mama Pindo alipata kazi ya kushona sare za shule nzima, akahitaji mahali pa kuweka cherehani ya pili. Na kabla wiki haijaisha, dada mkubwa wa Mpima akaja kukaa, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa inaezekwa upya. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, amestaafu mwezi mmoja tu, na kila mtu alimwita Sista, hata wale ambao hawajawahi kuugua.

Mawifi hawa hawakuwa na ugomvi, ila hawakuwa na mazungumzo pia. Zamani, siku chache baada ya harusi, Sista alimwambia mtu kwamba mdogo wake ameoa mwanamke wa maneno machache. Maneno hayo yalimfikia bibi harusi yakiwa yameongezwa chumvi, naye tangu hapo akayapunguza zaidi. Kwa miaka ishirini walikuwa wakijuliana hali na kupokezana vyombo, basi.

Siku ya nne ya ugeni huo Mama Pindo alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Bwana yule alifika asubuhi na mkokoteni wake, akaanza kwa kuchukua kopo la bolti. Sista, ambaye alikuwa anapiga pasi pazia lisilohitaji pasi, alitoka akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. Akamwomba kwa adabu alirudishe kopo lilipokuwa, na aende zake. Bwana yule akamtazama mwenye nyumba, akamtazama tena Sista, akaona ni heri aondoke.

"Wifi, hiki chumba nakihitaji," Mama Pindo akasema.

"Najua. Lakini vitu hivi vikitoka humu vikaingia kwenye gari, chumba si kitakuwa wazi vilevile?"

Kisha Sista akaeleza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Pindo kumsikia akieleza jambo lake mwenyewe. Kwa miaka thelathini na moja aliwapa madaktari mkasi, koleo na uzi. Alijua kila hatua kabla hawajaiomba, lakini kisu hakuwahi kukishika yeye. Sasa amekaa nyumbani mwezi mzima na mikono inamwasha. Mama Pindo aliujua huo muwasho, maana naye cherehani ikikaa siku mbili bila kazi huanza kupunguza magauni yake mwenyewe. Akakubali, kwa sharti kwamba sare zitangulie: asubuhi kushona, alasiri injini.

Nyuma ya mlango wa kabati walikuta ramani. Mpima alikuwa ameichora sakafu yote ya chumba, kwa vipimo, na mshale wa kaskazini juu, kila kipande na namba yake mahali kilipolala. Sista alifurahi kama mtu aliyepewa faili kamili la mgonjwa. Furaha ikaisha alipogeuka, maana hakuna hata kipande kimoja kilichokuwa mahali pake.

Mama Pindo akainama, akawa anaondoa kwenye kidole uzi ambao haukuwepo. Akakiri kwamba miaka minne iliyopita sisimizi walivamia chumba, naye akahamisha kila kitu ili apige deki. Mpima aliporudi aliangalia, hakusema neno, akatoka. Tangu siku ile Mama Pindo anaamini kwamba yeye ndiye aliyeiua ile injini kwa ufagio.

Sista hakumpa pole wala hakumlaumu. Alimuuliza tu anakumbuka alianza kuhamisha kutoka upande gani. Na ajabu ni kwamba alikumbuka. Alikuwa amevihamisha vile anavyopanga vipande vya nguo iliyokatwa, mkono pamoja na mkono, kola na kola, vinavyofanana visitengane. Ikawachukua alasiri mbili, na ramani ikasomeka tena.

Kuanzia hapo kazi ikaenda. Sista alitandika shuka jeupe mezani na kuandika ukutani kwa chaki hesabu ya kila kilichotoka na kila kilichoingia, kama walivyofanya hospitalini, ambako mgonjwa hashonwi mpaka hesabu ya vifaa itimie. Mama Pindo alisoma kitabu cha mwongozo cha gari kwa sauti, taratibu, akirudia kila sentensi mara mbili. Walisafisha vipande kwa mafuta ya taa na mswaki, na hapo, mikono ikiwa imeshughulika, midomo ikajiachia. Sista alisimulia habari za daktari aliyeimba nyimbo za mapenzi wakati wa upasuaji, vibaya mno, hata mgonjwa mmoja akaamka akaomba apewe tena dawa ya usingizi. Mama Pindo alicheka mpaka akaangusha valvu kwenye ndoo.

Bloku walilipeleka kwa mkereza vyuma, mzee mpole mwenye karakana mtaa wa pili. Alipitisha vidole ndani ya silinda, akasema kutu ni ya juujuu tu, itatoka kwa kusugua. Akauliza fundi wao ni nani. Sista akamjibu kwamba mafundi ndio hao anaoongea nao. Mkereza vyuma akafikiri kidogo, kisha akawaazima spana yake ya kukazia kwa kipimo, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Baada ya hapo alipita nyumbani mara tatu kuifuata, akanywa chai, akaondoka bila kuiulizia.

Tatizo likaja kwenye ringi mpya za pistoni, zile pete za chuma zinazovishwa pistoni. Hazikuwa kwenye trei, wala kwenye makopo, wala kwenye ramani. Walitafuta chumba chote, wakahamia chumba cha kulala. Mama Pindo ndiye aliyezipata, chini kabisa ya begi la zamani la vifaa vya upimaji: boksi dogo lililokuja kwa posta, gundi yake haijaguswa. Muhuri wake ulikuwa wa miaka mitano iliyopita. Kando yake palikuwa na boksi jingine kama hilo, lililofunguliwa, na ndani yake ringi nzima kadhaa pamoja na leso iliyofunga mbili zilizokatika.

Alikaa kitandani na lile lisilofunguliwa mapajani. "Hazikuchelewa," akasema. "Zimekuwa humu muda wote."

Sista alikaa karibu naye, akashika kipande kimoja cha ringi iliyokatika kwa ncha za vidole. Ringi ya pistoni ni kitu chembamba, na ukiitanua kupita kiasi kidogo tu wakati wa kuivisha, inakatika. Akamweleza wifi yake kwamba Mpima hata utotoni hakuwa mtu wa kulia akivunja kitu. Alikifunga kitambaani akakificha, kisha akawa mwema mno kwa kila mtu wiki nzima. Sista alisema amewaona hata madaktari wazima wakifanya hivyohivyo baada ya kukosea mara moja.

"Ufagio wako haukuua kitu, wifi. Aliogopa tu."

Mama Pindo alihisi kitu kizito kikimtoka mabegani, halafu papo hapo akamwonea mumewe huruma mpaka machozi yakamlenga. Yeye ni fundi. Anajua ilivyo kukata kitambaa cha mteja kimakosa, na kwamba mkasi ukishafungwa hakuna kurudi nyuma. Akauliza kama hawatamwaibisha zaidi wakimaliza kazi iliyomshinda. Wakalijadili suala hilo alasiri nzima, spana hazikuguswa. Mwishowe wakakubaliana kwamba watafunga kila kitu, lakini kuiwasha kwa mara ya kwanza watamwachia yeye.

Mama Pindo alifanya mazoezi kwa ringi za zamani zilizochakaa, alizozivua kwenye pistoni, akizitanua kwa vidole gumba huku amefumba macho, kama anavyopima ulaini wa kitambaa. Kisha akafungua boksi jipya. Ya kwanza iliingia. Ya pili ikaingia. Ya tano ikalia *tik* mkononi mwake, ikawa mbili.

Aliinuka, akaenda kunawa, akarudi, akakaa palepale. Mkereza vyuma alipopita kuifuata spana yake, walimwonyesha zile ringi nzima zilizobaki kwenye boksi la kwanza. Alizipima, akasema ni saizi ileile, hata mtengenezaji ni yuleyule. Basi moja ya zile za Mpima ikachukua nafasi, na saba zilizosalia zikaingia salama. Pistoni walizibana kwa kipande cha bati na vibano vya mpira wa maji, Sista akazigonga kwa mpini wa nyundo, polepole, moja baada ya nyingine, zikazama kwenye silinda zikitoa pumzi.

Muda wote huo Mpima alipiga simu kila jioni. Aliuliza habari za nyumbani, akaambiwa ni salama. Aliuliza kama dada yake na mkewe wanaelewana, akaambiwa wanajitahidi.

Alirudi siku nne kabla ya siku yake. Ilikuwa saa tisa alasiri, aliingia uani na begi begani, akakuta gari limeshuka kutoka kwenye matofali, mkewe ameinama chini ya boneti, na dada yake anajaza oili kwa kikombe cha plastiki kana kwamba anamnywesha mtoto. Kando yao mkereza vyuma alikuwa anakunja mnyororo aliotumia kuinulia injini.

Mpima aliweka begi chini. Alikuja mpaka kwenye gari, akaangalia ndani bila kugusa kitu.

"Ringi?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Zimeingia," mkewe akajibu. "Moja niliikata."

Alimgeukia. "Wewe?"

"Mimi. Nimeweka moja ya zako za kwanza. Ndiyo iliyotuokoa."

Mpima alijipangusa uso kwa kiganja, akakaa kwenye ukingo wa gari. Alitaka kueleza, akaanza kutoka mbali, kwenye habari za posta, na mkewe akamwacha amalize yote bila kumkatiza. Aliposema kwamba alitaka kumwambia kila mwaka, na kila mwaka ikawa ngumu zaidi, Mama Pindo naye akamwambia habari ya sisimizi. Mpima alishangaa. Siku ile hakuona hata kwamba vitu vimehamishwa, akasema. Alikuwa anashukuru tu kwamba chumba kinanukia sabuni, na akatoka haraka asije akaulizwa habari za vipuri. Sista alicheka mpaka akamwaga oili, na mkereza vyuma, ambaye hakuelewa kitu, akacheka kumfuata.

Wakampa Mpima ufunguo. Alikataa kwanza, kisha akaingia, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, halafu ikarudisha moto kwenye kabureta kwa kishindo kilichomwacha Sista na nyusi za masizi. Akajaribu tena, kishindo kingine. Mama Pindo akakifungua tena kitabu. Kila bolti aliikaza yeye, na kila hesabu ilitimia.

Mpima alitoka kwenye gari. Hakuangalia kitabu. Kwa miaka sita alikuwa amekisoma kitandani kila alipokosa la kufanya, mpaka kikakaa kichwani ukurasa kwa ukurasa. Alisema kosa si lao, ni mtego unaomnasa kila mtu: distribyuta, kile kigawa moto cha plagi, wameiweka ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Akalegeza bolti moja, akaichomoa, akaigeuza, akairudisha.

Safari hii haikuzunguka hata mara mbili. Ikawaka, ikanguruma, moshi wa bluu ukafunika ua mzima, paka akaruka ukuta na jirani akafungua dirisha. Kitabu kilitaka injini iliyofungwa upya iungurume dakika ishirini bila kuzimwa, na kwa kuwa bomba la moshi lilikuwa bado halijafungwa, walikaa dakika ishirini hizo kwenye benchi wakipigiana kelele masikioni. Mpima alimwambia mkewe jambo fulani refu. Mama Pindo hakulisikia hata nusu, ila alimwona anavyolisema, akamshika mkono na oili yake yote.

Siku mbili baadaye taarifa ikaja kwamba nyumba ya Sista imekamilika kuezekwa. Alimshukuru aliyempigia, akakata simu, akamuuliza wifi yake kama ameshaziangalia breki. Mama Pindo alikuwa kwenye chumba cha nyuma, kati ya cherehani zake mbili, anamalizia sketi ya mwisho ya shule. Akasema bado, ila akimaliza pindo hili anakuja.