Jina Moja Ukutani

Kwenye ukuta wa uwanja wetu wa besiboli hapa Barahona kuna jina moja tu: Eligio Peguero, mrushaji aliyemaliza mechi nzima mwaka 1971 bila mpinzani hata mmoja kufanikiwa kuupiga mpira wake.

Jumapili ile mrushaji wetu Wilkin alibakiza wapigaji watatu tu ili amfikie Eligio. Mimi ndiye mdakaji wake. Benchi zima lilikuwa kimya, kwa sababu mrushaji aliyefika hapo hasemeshwi. Ukilitaja tu jambo hilo, umeliharibu.

Eligio, mgeni wetu wa heshima, akainuka na kuketi kando ya Wilkin.

"Mwanangu, unajua hakuna aliyekupiga mpaka sasa?"

"Mzee, funga mdomo!" nilifoka.

"Kwani nimesema uongo?"

Wilkin alirudi uwanjani. Mpira wake wa kwanza ulipigwa, ukapaa, ukavuka ukuta juu ya lile jina.

Mechi tulishinda, lakini hakuna aliyeshangilia. Eligio akanifuata akitabasamu.

"Haya, twende nyumbani. Mama yako ameshapika."

Nilivua jezi yangu na kuitupa chini, jina la mgongoni likiwa juu: Peguero.