Usingizi wa Mshauri

Mshauri alipitiwa na usingizi mbele ya mteja, mchana kweupe, miwani ikiwa puani. Tena tuseme ukweli, hakusinzia tu, alilala fofofo. Alipozinduka, kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu, na mlango ulikuwa umerudishwa taratibu, kama wa chumba alimolala mtoto.

Mteja mwenyewe alikuwa fundi friji, mzee aliyefiwa na mkewe. Binti yake alimleta pale kliniki ya ushauri nasaha baada ya mazishi, kisha akarudi kwake mbali. Kwa wiki nyingi fundi alikuwa akija, anakaa, anatazama feni, anaaga. Mshauri hakumbana. Siku ile ndipo mzee alipofungua kinywa, akaanza kusimulia usiku wa mwisho wa mkewe. Na ni siku hiyohiyo, katika siku zote, mshauri aliposhindwa na kope zake. Usiku uliotangulia alikuwa amekesha akigeuka huku na huku. Nyumba yake ilikuwa imemzidi ukubwa tangu watoto waondoke. Mume alikuwa ametangulia kuondoka, kwa miguu yake mwenyewe, kwenda kwa mwanamke mwingine.

Mshauri mwenzake wa chumba cha pili pale kliniki alipoelezwa alicheka kwanza. "Usijitese bure, shoga. Akirudi mwambie ulifumba macho ili umsikilize vizuri. Watu wanapenda mambo hayo."

"Akirudi," mshauri alisema.

Hapo ndipo palipomkaa rohoni. Fundi hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Asiporudi, habari ile angekaa nayo peke yake hadi afe. Na akirudi akadanganywa, mambo ni yaleyale.

Wiki nzima mshauri aliutunga ule uongo, akaupiga pasi, akaukunja vizuri. Siku ilipofika, fundi aliingia kama kawaida yake, akaketi. Uongo ukabaki ulivyokunjwa.

"Fundi," alisema, "wiki iliyopita nililala. Ulikuwa unanieleza habari nzito, mimi nikalala. Sijui hata uliishia wapi. Nisamehe. Ukitaka mshauri mwingine nitakutafutia mwenyewe, wala sitakulaumu."

Fundi alimtazama. "Najua ulilala, dada. Ulikoroma."

"Nilikoroma?"

"Tena si haba."

Mshauri alijifunika uso kwa viganja. Aliona haya, akatamani ardhi ipasuke. Alijua sasa mzee atainuka aende zake, lakini mzee hakuinuka.

"Nilikaa hapa hadi muda wangu ukaisha," fundi alisema. "Sikukuamsha makusudi. Tangu mke wangu afariki, sijasikia mtu akipumua usingizini. Kule chumbani nimeingiza friji ya mteja, mbovu, inanguruma usiku kucha. Sijaitengeneza, si kwamba siwezi. Mwenyewe anaiulizia, namzungusha tu. Lakini friji si mtu, dada. Siku ile hapa nilipumzika."

Mshauri alijua cha kusema, maana alikisomea miaka. Kabla hajakisema, mzee akamuwahi.

"Na wewe, ukilala kwako, nani anakusikia?"

Maswali ya namna hiyo alizoea kumrudishia mteja, kwa upole na kwa ufundi, hadi mteja asahau kwamba aliuliza. Safari hii hakulirudisha.

"Hakuna," alisema. Neno lilimuuma kulitamka mbele ya mtu, kwa sababu hakuwahi kulitamka hata peke yake.

Fundi hakumpa pole wala ushauri. Aliitikia kwa kichwa, akajiweka sawa kitini, akaanza upya tangu mwanzo: jinsi mkewe alivyolala upande wa ukutani, alivyoomba maji, alivyoacha kuyaomba. Mshauri alisikiliza hadi mwisho. Walipomaliza, muda ukiwa umekwisha zamani, hakuna kati yao aliyeharakisha kusimama.