Kantini ya Chini ya Jumba la Sanaa

Shangazi yangu ana kisukari, na saa yake ya kula haimsubiri mtu. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza vyumba viwili tu vya jumba la sanaa mikono ilipoanza kumtetemeka. Mgahawa wa ghorofani ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mkutano. Nikamkimbilia mlinzi, nikamweleza.

“Mama, nishike mkono,” mlinzi alimwambia shangazi, akatushusha ngazi mpaka kantini ya wafanyakazi.

Mpishi alimtazama mara moja tu, akamletea juisi kwanza, kisha wali na maharage. Tulikaa meza moja na mzee aliyevaa koti jeupe. Shangazi alipopata nguvu, akamuuliza anafanya kazi gani.

“Nasafisha picha za zamani.”

“Kwa sabuni gani?”

“Mara nyingi natumia pamba na mate.”

Shangazi aliweka kijiko chini. “Mate? Haya ya mdomoni?”

“Hayo hayo, dada. Yanatoa uchafu bila kuumiza rangi, wala hayaachi alama ya mkono wangu.”

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baada ya kula, fundi yule alitupeleka kuona picha ya mvua aliyoisafisha kwa miezi minne. Asubuhi shangazi alikuwa akizipita picha kama anayewahi basi, lakini mbele ya hii alisimama muda mrefu.

“Mbona haionekani kama imeguswa na mtu?” akauliza.

Fundi akatabasamu kwa haya. “Hakuna aliyewahi kunisifu namna hiyo, dada.”