Mama Taratibu na Kesi ya Mwendo Kasi

Wapo madereva ambao ukisikia wamekamatwa kwa kukimbiza gari unasema afadhali, wangekamatwa hata jana. Lakini Mama Taratibu? Jamani! Mwanamke huyu ameendesha basi la watoto wa shule miaka nenda miaka rudi, na jina hilo amepewa na watoto wenyewe, kwa sababu kila wakipanda humsikia akisema, "Kaa chini, taratibu. Funga mkanda, taratibu. Hakuna anayetufukuza." Madereva wenzake walimpita wakipiga honi, wakimwuliza kama anaendesha basi au analisindikiza. Yeye alicheka tu, akawajibu kwamba watoto wa watu si magunia ya viazi.

Sasa huyo ndiye aliyeandikiwa kosa la mwendo kasi, tena kwenye kimji ambacho ukipiga chafya wakati wa kuingia, ukija kufuta pua umeshatoka. Ukiniuliza mimi, nitakwambia kuna watu wameumbwa bila haya.

Siku hiyo hakuwa kazini. Alikuwa na kigari cha mumewe, fundi cherehani, kigari kuukuu ambacho kikiona mlima kinaanza kukohoa. Kando yake alikaa mama mkwe. Asubuhi ilipigwa simu kutoka hospitali iliyo mbele ya mji ule: dada yake mama mkwe, dada wa pekee, hali yake imebadilika, njooni. Fundi alikuwa amesafiri kufuata vitambaa, kwa hiyo mkewe akashika usukani.

Mama mkwe hakufunga mdomo njia nzima. "Kanyaga mafuta! Umebeba mayai humu? Baiskeli imetupita, umeiona? Baiskeli!"

"Tutafika, Mama," akajibu Mama Taratibu, na mguu wake haukuongeza mwendo hata kidogo. Ndivyo alivyo, na kama amebeba mgonjwa au harusi, kwake ni mwendo uleule.

Walipoingia mjini, pale kwenye kibao cha hamsini, gari kubwa jeusi likawapita kama wamesimama, likawamwagia vumbi mpaka ndani. Mbele kidogo alisimama askari wa barabarani na tochi, kile kidude cha kupimia mwendo wa magari. Gari jeusi lilipomfikia, askari akakaza kifua, akapiga saluti. Lilipopita akashusha mkono, kisha akaunyoosha mkono uleule kukisimamisha kigari cha fundi.

"Themanini na nne," akasema, akionyesha namba kwenye tochi.

"Hiyo ni ya yule aliyetupita sasa hivi," akasema Mama Taratibu. "Hiki kigari chenyewe kikifika themanini kitaacha milango njiani."

"Mama, usinifundishe kazi. Lipa faini, weka saini hapa kwamba umekubali kosa, uende zako."

Weka saini. Kwa mtu mwingine ni kuchora mstari na kuondoka. Lakini dereva wa watoto wa shule ana kibali maalumu, na kibali hicho hakina mchezo: ukikubali kosa moja la mwendo kasi, hubebi tena mtoto wa mtu. Mama Taratibu akasema hasaini. Askari akachukua leseni yake, akamwambia akakae kwenye benchi kibandani, ng'ambo ya barabara, amsubiri mkubwa wa kituo.

Mkubwa naye hakuwa na haraka. Kule garini mama mkwe alipaza sauti, "Saini twende! Wewe mwanamke, saini twende!" Mama Taratibu akakaza roho. Alijiambia kwamba ni dakika chache tu, mkubwa akija atamsikiliza na mambo yataisha. Lakini mkubwa alikuja akipiga miayo, akamwandikia wito wa mahakama, akamrudishia leseni, akaenda kula.

Walipofika hospitali, shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka juu ya uso. Mama mkwe akashika mkono wa dada yake, na mkono ule ulikuwa bado una joto.

Tangu siku hiyo nyumbani kukawa hakukaliki. Mama mkwe, ambaye zamani alimwita mkewe fundi "mwanangu", sasa alimwita "dereva wenu". "Mwambieni dereva wenu chumvi imezidi." "Mwulizeni dereva wenu kama amemaliza kutumia bafu." Na yule mwenyewe amesimama palepale, anasikia kila neno! Mama Taratibu alimeza. Alijua ana deni la machozi kwa mama yule, na hakujua atalilipaje.

Huku nako shuleni mkuu wa shule alimwita ofisini, akamweleza kwa upole kwamba basi atashika mtu mwingine mpaka kesi iamuliwe. "Ukishinda, funguo zako hizi hapa. Ukishindwa, mikono yangu imefungwa." Watoto wakamwona akitoka getini kwa miguu, wakamlilia madirishani. Alifika nyumbani macho mekundu, akaketi kwenye meza ya kukatia nguo ya mumewe.

Fundi aliondoa sindano mdomoni. "Mke wangu, kubali yaishe. Nitaongea na mwenye ghala, wanatafuta dereva wa gari la mizigo. Kushindana na askari ni kutwanga maji kwenye kinu."

"Yaishe vipi?" Mama Taratibu akawaka. "Nikisema nilikimbiza gari, basi nimemnyima mama yako dada yake kwa kosa langu mwenyewe, halafu nikadanganya juu ya hayo. Sikubali. Wanifukuze kazi, wanifunge, lakini sitasema nilikwenda themanini. Mimi! Themanini!"

Fundi akarudisha sindano mdomoni. Alikuwa ameishi naye muda mrefu, alijua mlango huo ukifungwa haufunguki.

Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, na shahidi huyo hamsemeshi. Mama Taratibu akajipa moyo, akapiga hodi chumbani kwa mama mkwe. Bibi alikuwa amekaa kitandani, anakunja na kukunjua mtandio wa marehemu.

"Mama, shikamoo."

Bibi akaukunjua mtandio.

"Mama, najua umenikasirikia, na una haki. Sikuja kuomba unisamehe. Nimekuja kuomba uje mahakamani useme ulichokiona. Hicho tu, usiongeze."

Bibi akaukunja mtandio tena, kona kwa kona. "Nilichokiona mimi ni shuka," akasema. Mama Taratibu akarudi nyuma, akaufunga mlango polepole, akaenda kulia jikoni maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikike.

Siku ya kesi alivaa sare yake ya kazi, aliyoipiga pasi mwenyewe, akaagana na mumewe. Alipofungua kigari alishtuka nusura apige kelele. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, anatazama dirishani kama abiria aliyelipa nauli yake.

"Mama! Unakuja?"

Bibi akakaza mkoba mapajani. Njia nzima hakutamka neno, hata la baiskeli.

Mahakama ya mji ule ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi marefu na feni inayolalamika. Hakimu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kusomea, na alionekana hapendi maneno mengi. Mashahidi wakaambiwa wangoje nje. Bibi akatoka na mkoba wake, hakugeuka.

Askari akaapa, akaeleza kwa ufasaha wote: alisimama mahali fulani, akapima gari la mshtakiwa, themanini na nne, akalisimamisha. Tochi ikaletwa. Hakimu akaitazama, akaishika mkononi, akauliza, "Namba naiona. Gari liko wapi?"

"Mheshimiwa, chombo hiki hakipigi picha. Kinahifadhi namba tu. Gari ninalijua mimi."

"Haya. Mshtakiwa, una maswali kwa shahidi?"

Mama Taratibu akasimama. Akanyoosha sare yake. "Afande, kabla yangu lilipita gari gani?"

"Sikumbuki gari lolote."

"Jeusi, kubwa. Ulilipigia saluti."

"Sikumbuki."

"Ulipofika dirishani kwangu, mama mkwe wangu alikuwa akisema nini?"

Askari akamgeukia hakimu. "Sikumbuki, Mheshimiwa. Tunasimamisha magari mengi."

Sikumbuki, sikumbuki! Mtu anayekumbuka themanini na nne bila hata kutazama karatasi! Watu kwenye mabenchi wakatazamana, na Mama Taratibu akaketi. Alikuwa amemaliza kila alichokuwa nacho, na kilichobaki kilikuwa nje, kimekasirika.

Bibi akaitwa. Akapanda kizimbani taratibu, akaapa, akaweka mkoba mbele yake. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akatabasamu. "Bibi, mshtakiwa ni nani kwako?"

"Mke wa mwanangu. Hatusemezani."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Lakini umekuja kumtetea," akasema mwendesha mashtaka.

"Kumtetea?" Bibi akamgeukia mzimamzima. "Baba, mimi huyu nimemkasirikia mpaka chakula hakipiti. Kama mahakama yenu ingekuwa ya kuwashtaki wakaidi, ningekuja kumshtaki mimi mwenyewe. Lakini kukasirika ni kitu kimoja, na kuapa uongo ni kitu kingine. Huyu hajaenda themanini toka azaliwe! Siku ile nilimtukana njia nzima kwa sababu ya mwendo wake wa kinyonga. Huyo afande alipofika dirishani nilikuwa nasema heri ningekuja kwa baiskeli, na akacheka. Mwulizeni kama hakucheka."

Hakuna aliyemwuliza. Askari alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama kofia yake.

"Na gari jeusi?" akauliza hakimu.

"Lilitupita likanijaza vumbi mdomoni. Huyo hapo akalipigia saluti, kisha akatugeukia sisi. Mkwe wangu alipopelekwa kibandani, nilimwita huyu kijana askari garini. Nikamwambia, mwanangu, dada yangu anakufa, tuachie twende, nakuomba kama mama yako." Akafungua mkoba, akatoa mtandio wa marehemu, akafuta uso wote, akaendelea. "Akaniambia, 'Bibi, najua siyo ninyi. Lakini yule hasimamishwi, na mimi leo sina hata gari moja la kupeleka kituoni, na mkubwa anahesabu. Mwambie mkweo asaini, mtawahi.'"

Mama Taratibu alishika ukingo wa benchi. Alikuwa kibandani wakati ule, hakusikia hata neno moja la maneno hayo. Kwa hiyo Mama alijua! Siku zote za "dereva wenu", siku zote za chumvi na bafu, alijua. Hasira zilimpanda Mama Taratibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Hakimu akavua miwani. "Bibi, kama uliyasikia hayo, mbona ulimnyamazia mkweo muda wote huu?"

Bibi hakumtazama hakimu. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, alimtazama Mama Taratibu machoni.

"Kwa sababu nilikuwa na uchungu, mheshimiwa, na uchungu unataka mtu wa kuubeba. Huyu kijana sijui hata anakokaa. Gari jeusi sijui ni la nani. Huyu naye nilikuwa naye nyumbani, asubuhi ananisalimia, jioni ananipakulia. Nikamtwika yeye. Angesaini, labda ningemkuta dada yangu. Labda. Hilo bado linaniuma, sitasema uongo. Lakini aliyenichelewesha si yeye."

Askari akaulizwa kama ana la kusema. Akaigeuza kofia yake mikononi. Safari hii hakusema hakumbuki.

Hakimu hakuchukua muda. Akasema shitaka halikuthibitishwa, mshtakiwa yuko huru, na kwamba askari abaki, yeye na mkubwa wake wana maswali ya kujibu. Mabenchi yakalipuka vigelegele, hakimu akagonga meza tena, hakuna aliyemsikia.

Nje jua lilikuwa kali. Mama Taratibu alimfungulia mama mkwe mlango wa nyuma. Bado alikuwa na hasira, na mimi simlaumu. Bibi akausukuma mlango ukafungwa, akazunguka, akafungua wa mbele, akaketi palepale alipokaa siku ile. Akajifunga mkanda.

"Mama," akasema Mama Taratibu, mikono kwenye usukani, "ungeniambia. Nililia jikoni kila siku."

"Nilikusikia. Maji hayafichi kitu." Bibi akatandaza mtandio magotini. "Nisamehe, mwanangu."

Mama Taratibu akapangusa macho kwa mkono wa sare. "Na wewe unisamehe. Kwa kile kibanda. Kwa kukaa."

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Nipeleke kaburini kwake. Sijaenda tangu tulipomzika. Sikutaka kwenda na wewe, na mwingine wa kunipeleka sikumtaka."

Kigari kikakohoa, kikawaka. Wakaingia barabara kuu, wakapita kibao cha hamsini, wakapita kibanda na benchi lake tupu. Nyuma yao lori likapiga honi kutaka kupita. Kwa mazoea, Mama Taratibu akangoja kusikia habari ya mayai na baiskeli, na safari hii akaanza kukanyaga mafuta mwenyewe, ili amfurahishe mama wa watu.

Bibi akamwekea mkono gotini.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Hakuna tunayemwahi tena."