Mashuka Safi ya Ylva

Jumamosi hiyo, saa nane na dakika tano, Ylva Bergstrand aliteremka kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao akiwa amekumbatia kapu la mashuka safi. Aliyafua Jumanne, akayapiga pasi Jumatano, na sasa anayapeleka kufuliwa tena. Chini ya mashuka kulikuwa na kitabu. Kurasa arobaini na moja zilikuwa zimebaki.

Kilitakiwa kurudishwa maktaba siku hiyo hiyo, nayo ilikuwa inafungwa saa kumi. Kuongezewa siku hakukuwezekana. Foleni ya wanaokitaka ilikuwa na watu thelathini. Akikirudisha hivi hivi, angengoja zamu yake hadi Oktoba ndipo ajue kama yule mwanamke wa kivuko kitabuni aliifungua barua iliyotoka kwa mume aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumbani asingeweza kusoma. Kule alikuwa na watoto watatu, na Torkel, mume mwema, ila ni mtu wa kusimama mbele ya friji iliyo wazi akauliza friji iko wapi. Soksi zilizopotelewa na wenzao zilikuwa nyingi hivi kwamba zilishaanza kuchumbiana. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, simu haishiki, na mwenye zamu haingiliwi. Unatundika kufuli yako ndogo kwenye ubao wa zamu, penye siku na saa yako, na hata mfalme angengoja mlangoni na soksi zake.

Akatia mashuka kwenye mashine, akakaa juu ya ndoo, akafungua kitabu. Ukurasa wa kwanza akausoma mara tatu. Je, dirisha la jikoni amelifunga? Wa pili akausoma akihesabu dakika. Alipomaliza wa tano, mlango ukafunguka.

Alikuwa Gunvor wa ghorofa ya kwanza, mshonaji mstaafu, mwenye pua ambayo, kwa maelezo ya majirani, ilinusa sabuni ya mtu aliyefua mwaka juzi.

"Shuka moja limeanguka," akasema, akiliokota. Akalinusa. "Hili safi."

"La akiba tu, bibi."

"La akiba! Wiki tatu, kufuli yako ubaoni mara saba. Mimi mapazia yangu yananisubiri tangu Krismasi, na wewe unaogesha mashuka yaliyokwisha kuoga! Mkutano wa jengo ni Jumatatu, mwanangu. Nitayataja hadharani, moja moja."

Ylva akatazama saa ya ukutani. Nane na arobaini. Uongo ungechukua muda mrefu kuliko ukweli.

"Nakuja kusoma," akasema. "Zimebaki kurasa thelathini na sita. Nitukane, lakini nitukane kwa kifupi."

Kabla Gunvor hajajibu, vishindo vikasikika ngazini, na Torkel akachungulia, mtoto mdogo begani.

"Ylva, gundi iko wapi? Signe amebandua—"

"Toka!" Gunvor akamkatiza. "Mkeo nimemshika. Ameuacha mtego wa mashine unaonasa nyuzi umejaa hadi juu. Hatoki hapa mpaka ausugue, na ukisimama hapo nitakupa brashi na wewe."

"Samahani, bibi," akasema Torkel, na kwa mara ya kwanza tangu afunge ndoa akapanda ngazi mbili mbili.

Gunvor akaufunga mlango, akageuza kapu, akaketi juu yake. "Zamu yako ya Jumanne ni yangu. Hadi kiangazi."

"Chukua."

"Na mapazia yangu utayatundika wewe. Haya, soma. Mbona unanitazama?"

Ylva akasoma. Mashine ilitetemeka, yule mwanamke akaishika barua juu ya maji. Saa tisa na dakika arobaini na mbili akakifunga kitabu, akafuta macho kwa shuka, akakimbilia maktaba kwenye theluji bila koti.

Alirudi jioni na kapu la mashuka mabichi. Torkel akayashika, akakunja uso.

"Haya si uliyafua Jumanne?"

"Niliyafua."

"Na bado hayajatakata?"

"Bado," akasema Ylva, akikisukuma kwa kidole chini ya shuka la mwisho kitabu kingine cha maktaba, kinene kuliko cha kwanza. "Alhamisi nitayarudia."